Bampa Iliyomgusa Keraryo

Mwezi wa Agosti mwaka 1954 gari langu lilikufa Musoma, hatua chache tu kutoka msikitini, nami nikakaa siku tisa nikingojea meli ya Kisumu iniletee gasketi. Nimengojea spea katika miji mingi, Kampala, Tabora, Bukavu, na kote nimeona kwamba mtu wa kufahamiana naye si mwenye duka. Ni yule anayeingia gizani kati ya rafu na kutoka na kitu mkononi. Musoma mtu huyo alikuwa Bernado.

Alikuwa mtu wa Butiama, wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Misheni alisoma mpaka darasa la pili. Herufi zilimpita lakini namba zilimkaa, na namba ndizo zilizompa kazi. Stoo ilikuwa nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyekuwa wakala wa malori, na kila kitu ndani yake, kuanzia nati hadi injini nzima, kilikuwa na kipande cha bati chenye namba. Karani wa stoo, Hamduni, mzee mwenye kofia nyeupe isiyopata doa la grisi, hakuwa na desturi ya kutaja jina la spea. Alichukua cheti kwa mteja, akasoma namba kwa sauti kama anayesoma dua, na Bernado akaenda.

Jinsi alivyokwenda ndiyo iliyonishangaza. Siku ya pili nilikuwa nimekaa naye juu ya boksi akinieleza jinsi furu, samaki wadogo wa ziwani, wanavyokaangwa kwao na jinsi watu wa Bukima wanavyowaharibu kwa moshi mwingi. Hamduni akasoma namba. Bernado akainuka huku akiendelea na habari za furu, akapotea kati ya rafu, sauti yake ikiwa bado inanijia, akarudi na beringi, akaiweka kaunta, akakaa. Dakika moja baadaye akaiona ile beringi.

"Nani ameleta hii?" akauliza.

Hamduni hakuinua macho kwenye vyeti vyake. "Shemeji yako," akasema. "Huyo anayeishi kwenye viganja vyako."

Walicheka wote wawili. Ulikuwa mzaha wao wa kila siku. Hamduni aliniambia kwamba siku moja aliisoma namba wakati Bernado amelala, na spea ikaletwa, na aliyeileta akarudi kulala. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imeihamisha akili ya mtu yule kutoka kichwani ikaipeleka mikononi.

Lakini niliona pia kwamba kila alipopita pembe ya mwisho, penye bampa za mitumba, alijikunyata na kuinua mikono kifuani, kama mtu anayepita karibu na mbwa mkali. Bampa zenyewe zilikuwa tatu, ndefu, nyeusi, zimeegemezwa ukutani. Nilimwuliza Hamduni. Aliviweka vyeti vyake kando, akanieleza.

Mwezi wa Julai lori moja lililobeba pamba kutoka Bunda lilikatika breki katika mteremko wa karibu na Kiabakari. Lilitoka barabarani likamgonga mtu aliyekuwa akiswaga fahali wawili kwenda mnadani. Fahali walipona. Mtu alikufa pale pale. Lori lilivutwa hadi Musoma, na mwenye lori, ambaye hakutaka kuliona tena, akaliuza kwa yule Mhindi, tajiri wao, ili likatwe spea. Bernado alilifungua injini, gia na springi kwa siku tatu, akaviosha kwa mafuta ya taa, akavipa namba. Mambo ya bodi yalikuwa ya Nassibu, fundi bati, aliyefanya kazi uani na aliyelivua lori bodi kabla halijamfikia Bernado. Nassibu alinyoosha bampa motoni, akazipaka rangi nyeusi, akamkabidhi Bernado, na Bernado akazibeba begani moja moja mpaka ukutani.

Siku ya nne ya kazi hiyo ndipo alipofika mjumbe kutoka Butiama, akamletea Bernado habari mbili. Ya kwanza, Tereza, mke wake, alikuwa amejifungua binti, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka sita ya kungoja. Ya pili, Keraryo, mtoto wa baba yake mdogo, waliyekua naye chungu kimoja, ameuawa na lori Kiabakari.

Katika ukoo wao, Hamduni alisema, mtu aliyeshika kitu kilichomuua ndugu haingii nyumba yenye mtoto mchanga. Akiingia, mtoto hukauka. Ni lazima kitu chenyewe kiletwe, kisafishwe pamoja na mikono iliyokishika. Kwa hiyo Bernado alifika msibani akasimama nje ya ua wa minyaa. Alimlilia ndugu yake akiwa nje na akapewa maji akiwa nje, na sauti ya mwanawe akaisikia kutoka nje.

Jioni ile Bernado mwenyewe alinisimulia yaliyobaki, akionekana kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu.

"Mkuki ukiua, unaleta mkuki," alisema. "Fahali akiua, unaleta pembe. Sasa lori nitalileta vipi, Bwana? Nimelikata mwenyewe. Injini imeenda Tarime. Magurudumu yako Kibara, yanabebaga dagaa."

Wazee walikuwa wamekaa siku mbili juu ya jambo hilo. Mmoja alisema kilichoua ni breki, kwa kuwa ndizo zilizokataa. Mwingine alisema ni injini, kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi gereji Mwanza alitaka kuwaeleza habari ya mpira wa silinda ya breki, wakamwambia anyamaze. Mwishowe baba yake mkubwa aliamua kwamba mkuki ukiua husafishwa mkuki, hausafishwi mti ulikokatwa mpini. Kilichomgusa Keraryo ndicho kiletwe. Na walioona wote walisema alipigwa na bampa.

"Na bampa ziko tatu," nikasema.

"Ziko tatu. Nassibu alizichoma zote motoni, akazipaka rangi moja. Zile mbili sijui zimetoka lori gani. Ninaziangaliaga asubuhi, ninaziangalia jioni. Zinafanana kama mayai."

"Nassibu hajui?"

Hakuwa amemwuliza. Kwa muda wa mwezi mzima aliogopa kwamba Nassibu angesema hajui, na hapo mlango ungefungwa kabisa. Nilimwambia kwamba mtu aliye nje ya mlango hapotezi kitu kwa kubisha. Sina hakika kama nilifanya vema. Kesho yake alikwenda uani, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa sina kazi. Nassibu alikuwa akigonga paa la gari. Bernado alimwuliza kwa upole ni bampa ipi kati ya zile tatu iliyotoka kwenye lori la Kiabakari. Nassibu aliweka nyundo chini, akamtazama kwa muda mrefu, akaingia naye stoo na kuielekeza ya katikati.

"Hii," akasema. "Naijua kwa kiuno chake."

Tajiri alimpa Bernado bampa ile bila neno. Ijumaa aliifunga kwenye baiskeli kwa kamba za katani, ikachomoza mbele na nyuma kama mtumbwi, akaondoka Musoma watoto wakimkimbilia. Jumatatu alirudi bila bampa. Hamduni aliposoma namba ya kwanza asubuhi ile, Bernado alisimama pale pale akiwa anavitazama viganja vyake. Alitueleza kwamba wazee walichinja mbuzi, wakaipaka bampa na mikono yake uchafu wa utumbo wa mbuzi huyo, wakaiacha mtoni, na yeye akapita kwenye minyaa. Alimshika binti yake tangu jioni hadi walipomnyang'anya ili anyonye.

"Ni mwepesi, Bwana," aliniambia. "Mwepesi kuliko dainamo."

Meli ilileta gasketi yangu siku ya pili yake, nami nikaenda zangu.

Nilirudi Musoma mwezi Machi, nikitokea Kisumu kwa barabara. Stoo nilimkuta Hamduni peke yake, kaunta imejaa wateja na yeye hajui kitu kilipo. Aliniambia Bernado ameitwa bomani. Kesi ya dereva wa lori la Kiabakari ilikuwa inasikilizwa siku hiyo, na Bernado alitakiwa kueleza vyombo vya breki vilikuwa na hali gani alipovifungua. Nilikwenda kusikiliza.

Chumba kilikuwa kidogo na joto. Bwana Shauri, afisa wa wilaya aliyekuwa hakimu siku hiyo, alikaa kwenye meza kubwa, mkalimani pembeni yake, karani wa mahakama chini yake akiwa na orodha. Kwenye benchi la mbele alikaa mwanamke mwembamba aliyefunga kaniki nyeusi, naye alikuwa Esta, mama yake Keraryo. Dereva alisimama kizimbani akiutazama ukuta. Bernado alikuwa amekwisha toa ushahidi wake, na kwa kuwa hakuambiwa aondoke, alisimama kando ya ukuta akiwa na kofia mkononi, akisinzia kwa joto.

Ilipofika zamu ya vielelezo vya polisi, vilivyopangwa pembeni chini ya turubai na kila kimoja na kipande chake cha bati, karani aliinua orodha yake na kusoma namba.

Askari aliyehusika aliinama kutafuta. Kabla hajainuka, Bernado alikuwa amekwisha pita mbele yake. Alifunua turubai, akapitisha macho kwenye mabati, akachukua, akageuka, akatembea hadi kwenye meza ya Bwana Shauri na kukiweka alichobeba taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akarudi ukutani. Watu wawili watatu walicheka kidogo. Bwana Shauri mwenyewe alitabasamu.

Mezani ilikuwa bampa. Ilikuwa imepinda katikati kama jani lililokanyagwa, haijanyooshwa, haijachomwa moto, na rangi yake ya kijani imekwaruzika. Mkalimani alieleza kwamba hiyo ndiyo bampa ya mbele ya lori lililomuua marehemu, iliyofunguliwa na polisi pale pale Kiabakari kabla lori halijavutwa, na iliyokaa bomani tangu siku ile.

Nilimtazama Bernado. Uso wake ulikuwa bado wa mtu aliyesinzia. Kisha maneno yalimfika, moja baada ya jingine, nikaona yanavyofika. Aliangalia meza. Akaangalia mikono yake. Akamwangalia Esta, na Esta alikuwa akimwangalia yeye.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliuliza kwa sauti, bila kupewa ruhusa.

Askari alimwamuru anyamaze, akanyamaza.

Dereva alifungwa miezi kumi na minane. Sidhani kama Bernado alisikia. Alitoka bomani akaenda moja kwa moja uani kwa Nassibu, mikono ikining'inia mbali na mwili kama iliyolowa rangi. Nilimkuta amesimama mbele ya fundi huyo, na Nassibu amekaa juu ya tangi la petroli akiwa hana pa kujificha.

Lori, Nassibu alikiri, lilifika kwake halina bampa. Alifikiri imeanguka njiani. Zile tatu zilikuwa za malori mengine.

"Lakini nilikuuliza," Bernado alisema.

"Uliniuliza ni ipi. Hukuniuliza kama ipo."

"Nassibu."

"Ndugu yangu, mtu anakuja macho mekundu, mwezi mzima hajamwona mtoto wake. Nimwambie sijui? Nilikuchagulia iliyo nzuri."

Bernado hakumkasirikia. Nilitamani amkasirikie, ingekuwa rahisi kufuata. Badala yake alikaa chini kwenye mavumbi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini jinsi mambo yalivyokuwa. Mwezi ule aliosimama nje ya minyaa, mikono yake ilikuwa safi. Alisafishwa uchafu ambao hakuwa nao, kwa bampa ambayo haikumgusa mtu. Miezi saba amembeba mtoto bila kosa. Na leo, mahakamani, mbele ya serikali, ameshika.

"Ile dawa ya mbuzi," aliniuliza, "inawezaga kungoja? Kama nilipakwa kwanza, halafu nikashika?"

Nilimwambia sijui. Nimeulizwa mambo mengi katika lugha nyingi, na mara chache jibu hilo limeniuma kama siku ile.

Alitaka kwenda Butiama jioni ile ile. Nilikuwa na gari zima safari hii, nikajitolea kumpeleka, na njiani karibu na soko tukamwona Esta akitembea na kifurushi chake, tukampakia. Alikaa mbele pamoja nami. Bernado alikaa nyuma, viganja vimetazama juu mapajani. Tulipopita ule mteremko wa Kiabakari Esta alifumba macho, akayafumbua mbele kidogo.

"Bernado," akasema bila kugeuka.

"Naam, mama mdogo."

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Leo pale bomani sikuona kitu."

Kwenye kioo nilimwona Bernado amefungua mdomo na kuufunga. Tuliposhuka aliniambia pembeni kwamba hakujua alikuwa akisamehewa au akipimwa. Na hata kama alikuwa akisamehewa, Esta aliweza kusahau alichokiona yeye, lakini hakuweza kumwahidi kwamba mtoto hatakauka.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilima. Baba yake mkubwa alikuwa uani akisuka kamba, na Tereza alikuwa mlangoni akipepeta ulezi, na kando yake, juu ya mkeka, alikaa binti mnene mwenye shanga kiunoni. Alipomwona baba yake alipiga makofi. Esta alipita kwenye minyaa akaingia bila kutazama nyuma. Tereza alisimama akingoja mume wake afuate.

Bernado alifika kwenye pengo la ua akasimama. Kutoka pale pale alieleza yote, akiwa amesimama wima kama askari. Alieleza habari ya namba iliyosomwa, ya turubai, na ya bampa ya kijani. Nassibu hakumtaja, alisema tu kwamba ile ya kwanza haikuwa yenyewe.

Mzee aliacha kusuka. Alimtazama Esta, na Esta akatazama ulezi.

"Basi iletwe hiyo," mzee akasema mwishowe.

"Ni mali ya serikali, baba. Wanaiweka. Karani amesema dereva akikata rufaa itaenda Mwanza."

"Mpaka lini?"

"Hawajui."

"Na ile ya mtoni?"

"Ile haijaua mtu."

Mzee alichukua kamba yake, akaiweka tena. Alisema kwamba zamani kitu kikiua kilikuwa kimoja na kilikaa mahali pamoja. Tereza aliuliza kama mume wake atakula nje tena, na kama ni hivyo, kwa mwezi mmoja au kwa mwaka. Kila mmoja alimtazamia mwenzake aijue sheria.

Wakati huo mtoto alikwisha ondoka kwenye mkeka. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa amejifunza kutambaa mwezi ule, nami nilimwona wa kwanza kwa kuwa nilisimama karibu na gari, akija kwa magoti na viganja katikati ya maganda ya ulezi, haraka, uso umeinuka. Tereza akaona, akapiga hatua moja. Esta akamshika mkono.

Sheria, kama nilivyoelezwa, ilisema aliyeshika asiingie. Kuhusu mtoto anayetoka, haikusema lolote, kwa sababu ilitungwa kwa ajili ya watoto wachanga, na mtoto mchanga hatoki. Huyu, uamuzi wake ulichelewa mpaka akapata magoti ya kutambaa. Alipita kwenye pengo la minyaa, akafika miguuni kwa baba yake, akashika suruali kwa mikono miwili na kujivuta mpaka akasimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kama Tereza alivyosema pale pale.

Bernado alirusha mikono yake juu. Aliinyoosha kabisa, vidole vimepanuka, ile mikono iliyokuwa ikienda kabla hajaituma, na sasa aliizuia kwa nguvu zote. Hakusogea, maana angesogea mtoto angeanguka. Alikuwa analia na kucheka, na mtoto alicheka kwa kuwa baba alikuwa na mchezo mpya.

"Baba," alimwita mzee, "amenigusa yeye. Hiyo inahesabiwaje?"

Mzee alikuja mpaka kwenye pengo, akainama, akaitazama ile mikono midogo kwenye suruali, kisha ile mikubwa juu angani. Alikaa chini kwenye jiwe ili afikiri. Tereza akaleta kigoda chake upande wa ndani wa ua, akakiweka karibu kabisa na pengo, akaendelea kupepeta ulezi akiwa pale.

Mimi nilikuwa na safari ya kufika Bunda kabla ya giza. Nilipowasha gari mikono ya Bernado ilikuwa bado iko juu.